Kidonge cha Kizunguzungu Hakipunguzi Kilo

Mwandishi mwenzetu anadai betahistini, dawa ya kizunguzungu, ndiyo njia ya mkato ya kupunguza kilo kwa mwanamke mnene. Ana chembe ya ukweli: histamini ubongoni hutuamsha na kutuliza njaa. Lakini chembe moja haijazi kibaba. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao la muda mfupi: kati ya wanawake wanene 79, waliomeza betahistini hawakula kidogo kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Alichokifumbia macho mwandishi huyo ni upande wa pili. Siproheptadini, dawa ya mzio, huziba vipokezi vya histamini na kuchochea hamu ya kula. Ndiyo maana wapo wanaoinunua makusudi ili wanenepe. Basi dawa inaweza kuongeza kilo bila mtu kuwa mvivu wala mlafi.

Dada yangu wa Ngaremara, unayesubiri matatu ya Isiolo au ya Archer's Post, kabla hujalaumu ugali wala kununua kidonge kipya, mwonyeshe daktari dawa zote unazomeza. Dawa ya mzio si peremende.