Usimwite Yona Mlevi Halafu Ufunge Kitabu

Leo si mechi, leo si muziki. Leo ni vitabu, na kabla hujapita nipe dakika tano, juu hii ni stori ya nyumbani kwenu pia.

Maoni yangu ni haya. Vitabu vinavyoelezea familia na mapenzi kuliko podikasti yoyote ya mahusiano, wengi wetu tulishavisoma. Tulitahiniwa, tukaviuza ama tukaviacha vikaliwa na panya. Shida si ati vijana hawasomi. Shida ni vile tulifundishwa kusoma: mpe mhusika jina, pata alama, songa mbele.

Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia ambayo imekuwa setibuku ya KCSE miaka hii. Simamisha mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne hapa Kongo, ama uende mpaka 46 ukitaka, umuulize Yona ni nani. Atakujibu bila kupumua: mlevi, katili, ana taasubi ya kiume. Haya, swali lingine. Mwongozo umemaliza kazi yake.

Lakini Arege hakuishia hapo. Yona alikuwa mwalimu, mtu wa heshima zake. Yeye na Sara walikaa bila mtoto, na watoto walipokuja wakawa wasichana, watu wakafungua midomo. Pombe ikapata mlango. Kitabu hakimsamehei, kwa sababu anayelipia hiyo aibu ni Sara, na analipa kwa mwili wake. Kinakuonyesha tu njia ambayo aibu ilipita: ilitoka kwa majirani, ikaingia kwa mwanaume, ikamwangukia mwanamke. Hiyo huwezi kuiandika kwa "taja sifa tatu za Yona."

Sasa fungua simu. Mtu amekaa mbele ya taa ya duara anakuambia baba yako hakulipa karo, basi si baba, mfute. Mpenzi wako hajakupigia siku mbili? Huyo si mtu, toka. Mama yako anakupigia kelele? Ana sumu, mkae mbali. Dakika moja, hukumu imetoka, kesi imefungwa. Mwongozo wa setibuku na hiyo video ni watoto wa mama mmoja. Zote mbili zinakupa jina la mtu ndio usisumbuke kumwelewa.

Na nisieleweke vibaya. Kuna nyumba unafaa kutoka, tena haraka. Mtu akikupiga, toka kwanza, kuelewa kutakuja baadaye. Lakini wengi wetu hatuishi kwa hizo stori za kutoka. Tunaishi ndani ya chumba kimoja na watu ambao tunawapenda na wanatuumiza, na kesho asubuhi tutakunywa chai pamoja.

Turudi kwa Bembea. Sara anaumwa, bintiye Neema anamleta mjini atibiwe. Swali linalochoma si la hospitali peke yake. Swali ni: mama atalala wapi? Neema ameolewa na Bunju, na mila inasema mama mkwe halali kwa mkwe wake. Halafu kuna pesa. Neema ndiye nguzo ya kwao, na Bunju anahesabu kila shilingi inayotoka kwake kwenda kwa wakwe.

Niambie hiyo si Kawangware. Mathe anatoka Vihiga ama Siaya, ana kliniki Kenyatta Jumanne. Binti yake ameolewa, anakaa kwa ploti, chumba cha futi kumi kwa kumi: kitanda, pazia, jiko, mitungi ya maji, watoto wawili. Kwa watu wengi wa Magharibi na Nyanza, mama mkwe kulala hapo haiwezekani, na si ujeuri, ni heshima. Kwa hivyo anatafutiwa nafasi kwa jirani, ama mwenye nyumba anaenda kulala kwa mabeshte wiki nzima. Watu wanapanga hayo mambo kwa minong'ono. Bwana anaona amefukuzwa kwake. Mama anaona amekuwa mzigo. Binti yuko katikati na hakuna mtu anamuuliza yuko aje.

Hapo ndipo kitabu kinaingia. Kwa chumba kimoja hakuna siri, lakini pia hakuna mazungumzo. Kila mtu anajua kila kitu na hakuna anayesema. Huwezi kumwambia mzae, "Pombe yako inatumaliza." Utatafuta pa kulala. Lakini unaweza kusoma ukurasa mmoja wa Yona kwa sauti wakati mathe anasonga ugali, halafu uulize, "Kwani mathe, huyu Sara angefanya nini?" Ataanza kuongea kuhusu Sara. Wote mtajua haongei kuhusu Sara.

Kitabu ni mgeni ambaye hana undugu na mtu yeyote hapo ndani. Unaweza kumsema, unaweza kumtetea, na hakuna anayekosewa heshima.

Na si Arege peke yake. Waandishi wetu wamekuwa wakiongea kuhusu wazazi kabla mimi na wewe tuzaliwe. Mwaka wa 1971 Euphrase Kezilahabi, Mtanzania, alitoa Rosa Mistika. Kuna baba pale anaitwa Zakaria, mlevi, anamchapa bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukimaliza hicho kitabu unabaki na swali zito: ulinzi wa aina hiyo ulimlinda nani? Kitabu chenyewe kilipigwa marufuku shuleni. Mwaka wa 1980 Said Ahmed Mohamed akaandika Utengano, mzee Maksuudi amemfungia binti ndani, na binti akatoroka. Halafu 1996 Ken Walibora akaja na Siku Njema, kijana aliyefiwa na mama anasafiri kutoka Tanga mpaka Kitale akimtafuta baba ambaye hamjui. Wangapi hapa mtaani wana jina la baba kwa cheti cha kuzaliwa pekee? Hicho kitabu ni chao.

Najua mtu atasema hizo ni stori za ushago na za kitambo, hazijui maisha ya ploti. Sawa. Soma Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya 1976. Ben ni mtu wa mjengo hapa Nairobi. Mwanamke wake Wini anaondoka na bosi wake, anamwachia mtoto ambaye si wa Ben. Ben anafanya nini? Anabaki na mtoto. Anakasirika, analewa, anamfokea, lakini anabaki naye. Rafiki yake Ocholla naye anashtukia wake zake wawili wametokea shamba na watoto, wakaingia kwa kibanda chake. Miaka mingi imepita na hiyo bado ni Jumamosi ya kawaida Gatina, Kongo na Laini Saba. Tofauti ni simu tu.

Na kama unafikiri wanaume wote wa vitabuni ni wabaya, kuna The River and the Source ya Margaret Ogola, ya 1994. Akoko anasemwa vibaya na mama mkwe, anafunga safari anarudi kwa babake. Bwana yake, chifu mzima, hataki kuoa mke wa pili hata watu wakimsukuma. Ogola alikuwa daktari wa watoto. Alifuata hiyo familia vizazi vinne mpaka Nairobi, mpaka ukimwi. Ukiisoma unaanza kumuuliza shosho wako maswali ambayo hukuwa nayo.

Kuna lawama moja ya ukweli: vitabu ni pesa, na pesa ya kitabu ni pesa ya unga. Sitakudanganya ati ni rahisi. Lakini setibuku ndicho kitabu kilichojaa zaidi mtaani. Kila ploti kuna mtu alifanya KCSE. Wauzaji wa inama kule tao wanazo. Kibera kuna maktaba ya umma, ukitoka Kongo unavuka Ngong Road umefika. Nakala moja inaweza kuzunguka ploti nzima kama jiko la kuazima.

Mimi niliacha kampasi, hakuna mwalimu ananisahihishia karatasi tena. Ndio raha yenyewe. Ukisoma bila mtihani, unaruhusiwa kubadilisha mawazo kuhusu mtu ukiwa katikati ya kitabu. Unaruhusiwa kumchukia Bunju ukurasa huu, na ukurasa unaofuata umuonee huruma kidogo juu na yeye ana mshahara mmoja na presha zake. Hiyo kazi ya kushikilia mambo mawili kwa mtu mmoja ndiyo kazi tunafanya kila siku na wazazi wetu, na hakuna video ya dakika moja inakufundisha.

Kwa hivyo leo jioni inama uangalie chini ya kitanda. Bembea ikiwa bado iko, usianze mwanzo. Tafuta pale Neema na Bunju wanavutana kuhusu pesa, usome kwa sauti wakati wote mko ndani, halafu uangalie ni nani atanyamaza.