Muha na Mmanyema wanaulizwa swali moja



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo kwetu Kigoma limekuwa wimbo wa kila siku vijiweni, ndani ya treni na hata kwenye vikao vya harusi. Jambo lenyewe ni huu mtindo wa kulinganisha Waha na Wamanyema. Huyu atakwambia kwamba Mmanyema wa Ujiji ni mtu wa kahawa na bao, ujanja mwingi lakini jembe halijui. Yule atakwambia kwamba Muha wa Kasulu na Kibondo ni hodari wa kazi za kutumwa, ila yuko nyuma kwa kila kitu. Mimi baba yangu alikuwa Muha wa Heru na mama yangu Mmanyema wa Ujiji, kwa hiyo matusi yote mawili niliyapata tangu utotoni, kila moja kutoka upande wake.

Kwanza niseme kwamba wanaolinganisha hivyo hawana takwimu yoyote mkononi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma, lakini haikuhesabu Waha ni wangapi wala Wamanyema ni wangapi, sembuse nani ana bati na nani ana nyasi. Basi anayekuja na asilimia zake za utajiri wa kabila hili na umaskini wa lile, aulizwe kazipata wapi. Tulicho nacho ni historia na macho yetu.

Na majina yenyewe yana matata. Umanyema si kabila moja. Chini ya jina hilo wamo Wabangubangu, Wagoma, Wabwari na wengineo wenye asili ya ng'ambo ya ziwa. Wako waliokuja na misafara ya karne ya 19 wakiwa wapagazi au wafanyabiashara, wako walioletwa utumwani, na wako ambao wazee wao walikuwa wakivuka ziwa kwa mitumbwi yao wenyewe kabla ya misafara hiyo. Hapo Ujiji wakaunganishwa na Uislamu na Kiswahili. Ardhi waliyofikia ilikuwa ya Wajiji, na Wajiji ni Waha. Wakaoana. Leo ukienda Kitongoni au Kasingirima ukataka kuwatenga Wamanyema upande mmoja na Waha upande wa pili, utagawa nyumba moja katikati ya kitanda.

Ni kweli hata hivyo kwamba palikuwa na wakati ambapo Ujiji ilikuwa mbele na milimani ilikuwa nyuma. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, Ujiji ulikuwa mji wa soko unaojulikana mpaka Zanzibar. Mawese, dagaa, chumvi ya Uvinza, mbuzi, nafaka, pembe za ndovu na, tusifiche, wanadamu, vyote viliuzwa hapo, na malipo madogo madogo yalifanywa kwa shanga zilizoitwa sofi. Muha aliteremka na mbuzi wake akarudi na chumvi na nguo. Mtu wa mjini akajiita muungwana na kumwita yule wa milimani mshenzi. Wa milimani naye akamjibu kwamba wewe ni mjukuu wa mtumwa. Ugomvi huo wa maneno umedumu kuliko soko lenyewe, maana faida kubwa ya soko ilichukuliwa na misafara ikaenda pwani, na wao wawili wakabaki na majina.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1914 Mjerumani alifikisha reli ziwani, lakini hakuileta Ujiji. Aliipeleka Kigoma, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, wakati ufuko wa Ujiji uko wazi na maji yake ni machache. Hapo ndipo Ujiji ulipokatwa mguu. Ofisi, bandari, meli na maduka makubwa vyote vikaenda Kigoma, kilomita chache tu kutoka pale, na mji uliokuwa mwisho wa safari ya misafara ukawa kitongoji cha mwisho wa reli. Waliokuwa na nauli wakaondoka kwenda Tabora na Dar es Salaam, na mpaka leo Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema unaoonyesha wengi wao waliishia wapi. Waliobaki wakashika nyavu, mitumbwi, cherehani na biashara ya mkononi. Sasa mtu akipita Ujiji leo akaona wazee wamekaa chini ya mwembe saa nne asubuhi, anasema watu hawa wavivu. Hajiulizi walipokonywa nini, na wala hajui kwamba wengi wa wazee hao wametoka ziwani alfajiri.

Reli hiyohiyo iliyoinyang'anya Ujiji bandari yake ndiyo iliyowachukua Waha. Hapa naomba uvumilivu wa msomaji kidogo, kwa sababu vijana wengi hawaijui habari hii.

Mwingereza alitaka kodi ya kichwa kwa fedha taslimu. Milima ya Buha haikuwa na barabara ya maana, na mazao ya kuuza yalikuwa machache mno. Katika miaka ya 1930 watu wengi walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakaacha migomba na mashamba ya zamani. Mwanamume wa Kiha alikuwa na njia moja tu ya kupata shilingi za kodi, nayo ni kwenda mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua kilichoitwa SILABU, na Kigoma ikawa mojawapo ya mahali walipovuna watu. Waha wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba. Walisafirishwa hadi mashamba ya Morogoro na Tanga. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na siku usiyomaliza mistari yako ya kukata haikutiwa alama.

Baba yangu alikwenda mara mbili. Bibi yangu alilima peke yake, akalea watoto peke yake, na ndugu mmoja wa baba hakurudi kabisa. Alioa hukohuko Korogwe. Ukitaka kujua kwa nini kijiji cha Heru kilichelewa kujenga nyumba ya bati, anzia hapo. Nguvu za vijana zilitumika Tanga, na Tanga ndiko zilikojenga. Baada ya Uhuru bei ya mkonge ikaporomoka kwa sababu ya kamba za viwandani, na Muha akarudishiwa mgongo wake bila akiba. Hiyo ndiyo tabia ya "kazi za kutumwa" inayosemwa kwamba iko katika damu ya Muha.

Kwa upande wa elimu mambo yalipinduka, na jambo hili huwa halisemwi na wenye kujigamba wa Ujiji. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, lakini watu wa mji walikuwa na chuo chao cha Kurani, na hawakuwa na hamu ya kumpeleka mtoto mahali ambapo pamoja na herufi atapewa jina jipya. Siwalaumu. Misheni ikapata nafasi zaidi milimani, na huko Kabanga na kwingineko pakainuka shule na hospitali. Basi yule aliyeitwa mshenzi akawa mwalimu, mganga na karani, na mtoto wa muungwana akabaki na hati nzuri ya Kiarabu isiyomwajiri mtu. Serikali ilipozitwaa shule za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, mlango ulifunguliwa kwa wote, lakini waliotangulia walikuwa wametangulia. Ndugu Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, alikuwa Mbunge wa Buhigwe, yaani wa milima hiyohiyo.

Operesheni Vijiji ya 1972 siielezi kwa urefu. Ilihamisha watu wengi mkoani kwetu, ikaleta shule na zahanati karibu, ikaacha migomba nyuma kwa mara ya pili.

Na leo? Leo tofauti kubwa haiko kati ya Muha na Mmanyema. Iko kati ya mwenye shamba na asiye nalo. Tuliliona hilo mwaka 2024, nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilipokubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Nia ilikuwa njema, maana dagaa na migebuka walikuwa wamepungua, kila mvuvi alijua. Lakini mwenye maharage yake Kasulu, tangawizi yake Buhigwe au kahawa yake Kalinzi aliendelea na maisha, wakati kijana wa Katonga na Kibirizi ambaye mali yake ni mikono na wavu wa mwenzake alikaa miezi mitatu akihesabu siku. Na kijana huyo wa mwaloni anaweza kuwa Mmanyema, Mbembe au Muha vilevile. Wanawake wa mawese nao ni hivyohivyo: aliye na michikichi yake mwenyewe analala, anayenunua ngazi za watu anakesha.

Lakini ndugu Mhariri, kuna foleni moja ambamo Muha na Mmanyema husimama pamoja bila kuulizana nani mbele, nayo ni foleni ya kuthibitisha kwamba wao ni Watanzania.

Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Serikali ina sababu ya kuwa macho, na sisi wa mpakani tunajua vizuri zaidi kuliko wengine hasara ya silaha zinazovuka usiku. Sisemi ukaguzi uachwe. Nasema utazamwe jinsi unavyofanyika. Muha anatiliwa shaka kwa sababu ya ulimi wake, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mmanyema anatiliwa shaka kwa sababu ya jina la babu yake. Katika Operesheni Kimbunga ya 2013 palikuwa na malalamiko kwamba hata waliozaliwa hapa walikumbwa. Na tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, asiye na namba hiyo si kwamba amekosa kadi tu. Amekosa simu, benki na kazi.

Mtoto wa kaka yangu ana cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, aliambiwa alete uthibitisho wa mahali alipozaliwa babu yake. Wiki hiyohiyo mjukuu wa mjomba wangu wa Ujiji aliambiwa aeleze ukoo wake uliingia nchini mwaka gani. Ukoo huo ulikuwa Ujiji kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakati ambapo hapakuwa na Kongo ya kutoka wala Tanganyika ya kuingia. Na huyo babu wa kwanza ni baba yangu, mtoto wa Heru. Wazazi wake walizaliwa wakati Buha na Urundi zote zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja, na mtu aliyevuka Malagarasi kwenda kuoa hakujua kwamba ipo siku ataulizwa pasi.

Baba aliacha karatasi moja tu: kipande cha mkonge kilichobaki na siku 11 bila alama, kwa kuwa aliugua akarudishwa. Nilikipeleka. Bwana wa mezani alikiangalia kwa heshima, sikatai, kisha akakirudisha akisema si hati inayotambulika. Miaka ile kipande hicho kilitosha kumtambua kuwa mtu wa Tanganyika anayepaswa kulipa kodi ya Tanganyika.

Mkataba wa reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Vijana wetu wanataka kazi humo, na mwajiri wa kwanza atakayemkuta kijana huyo atamwuliza namba ya kitambulisho. Kwa hiyo nauliza wahusika, na naomba jibu katika gazeti hilihili: kwa nini ushahidi wa wazee watatu wa mtaa, uliothibitishwa na serikali ya kijiji au mtaa, usihesabiwe kuwa uthibitisho kwa mtu ambaye wazazi wake walizaliwa kabla ya vyeti kufika vijijini? Kwa nini anayekataliwa asipewe sababu kwa maandishi, pamoja na tarehe ambayo shauri lake litakuwa limekwisha? Mtoto wa kaka yangu anasubiri mwaka wa tatu sasa, na yule binti wa Ujiji mwaka wa pili.

Mwana wa Mwisho wa Reli,
Ujiji, Kigoma.