Sauti ikiachana na midomo, ushuhuda wa Ituri unapotea bure

BUNIA – Video za mikutano, za mazishi, za mama anayesimulia namna alivyokimbia kijiji chake huko Djugu, zinapita kila siku toka simu moja mpaka nyingine. Nyingi zinapita kwanza kwa fundi wa kibanda, anayezibadilisha ziwe ndogo zisimalize mega, ao zikubali kufunguka kwenye simu ya zamani. Zikitoka huko, mara nyingi sauti na picha vimeachana: midomo imefunga, maneno bado yanaendelea.

Wengi wanaona hiyo ni kasoro ndogo. Sivyo. Katika jimbo ambako kila shambulio lina wanaolikana, video ya namna hiyo inampa mkanaji neno la kusema: “Wamemwekea sauti ya mtu mwingine.” Na familia iliyo Kigonze, ambayo ndugu yao ndiye anayeongea, inabaki bila la kujibu.

Ituri inajua uzito wa video. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, huko La Haye, ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha watoto wenye umri wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Kati ya mambo ambayo majaji waliegemea, pamoja na ushahidi mwingine, ni video iliyopigwa tarehe 24 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia. Hakuna anayejua leo ni video gani iliyo kwenye simu ya mkimbizi itakayohitajika miaka tisa kesho.

Ubaya unatoka wapi? Kamera ya simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Penye mwanga inaweza kupiga picha 30 kwa sekunde. Ndani ya hema, jioni, inapunguza. Lakini sauti inaendelea kwa mwendo uleule. Programu ya kubadilisha video isiyojali hilo inazipanga picha kana kwamba ni 30 kila sekunde. Mfano: video ya dakika 30 iliyopigwa kwa wastani wa picha 29.5 kwa sekunde ina picha 53,100. Zikichezwa 30 kwa sekunde, zinaisha kwa dakika 29 na nusu. Mwishoni, picha imeitangulia sauti kwa sekunde 30 nzima. Na jicho halisubiri yote hayo: kwa vipimo vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mtu anaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ao ikichelewa kwa 125.

Dawa ipo, na haiuzwi. Fundi aangalie kwanza mwanzo wa video, kisha mwisho. Kama tofauti ni ileile pande zote mbili, sauti imesogea tu. Inatosha kuirudisha nyuma ao kuisukuma mbele. Katika VLC kwenye kompyuta, herufi J na K zinaisogeza milisekunde 50 kila zinapobonyezwa, na hapo kipimo cha kosa kinajulikana. Lakini kama tofauti inakua kadiri video inavyoendelea, kusogeza hakutasaidia. Inabidi kurudi kwenye faili ya kwanza na kuibadilisha upya, kwa kuchagua mwendo wa picha usiobadilika. HandBrake, programu ya bure, ina chaguo hilo.

Ndiyo maana kufuta faili ya kwanza baada ya kubadilisha ni kosa kubwa kuliko kosa lenyewe la sauti. Faili ya kwanza ibaki kwenye kadi ya memori ya mwenye video. Na anayepiga video ya ushuhuda apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na lingine mwishoni. Pale mikono inapokutana ndipo mlio unapaswa kusikika; fundi hatabahatisha tena.

Mafundi watasema umeme ni shida, mafuta ya jenereta ni bei, na wateja wamepanga mstari. Ni kweli. Lakini kutazama sekunde kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho hakufiki dakika moja. Mteja wa filamu anaweza kuvumilia sauti iliyochelewa. Mjane anayeeleza namna mume wake alivyouawa hapaswi kuonekana mwongo kwa sababu ya haraka ya kibanda. Mashirika yanayokusanya shuhuda kambini nayo yasiache kazi hii kwa fundi peke yake: yakague kabla ya kusambaza.

Wasikilizaji pia wana sehemu yao. Sauti isiyofuata midomo si alama ya uongo, kama vile sauti inayofuata midomo vizuri si alama ya ukweli. Anayepokea video kama hiyo aulize ilipigwa wapi, lini, na nani ana faili ya kwanza, kabla ya kuitupa ao kuirusha kwenye kundi lingine. Watu wa Ituri wameshapoteza nyumba, mashamba na ng’ombe. Maneno yao wenyewe yasiharibikie kwenye kompyuta ya kibanda, mahali ambapo dakika moja ingetosha kuyaokoa.