Msinionyeshe Vigogo, Nionyesheni Majibu

Leo nimekuja kugomba, kwa hivyo vuta kiti.

Wiki jana rafiki yangu mmoja alinitumia slaidi za kampuni changa inayotafuta watu wa kuiwekea pesa. Wanasema wametengeneza kifaa cha kupima maradhi. Nikazifungua kwa hamu. Slaidi ya tatu ilikuwa imejaa sura: waziri wa zamani, jenerali mstaafu, wakili mwenye mvi, mkuu wa benki aliyestaafu. Watu wazito, kila mmoja na tai yake. Nikaendelea kutafuta slaidi ya matokeo. Kifaa kimejaribiwa na nani, mara ngapi, na kimekosea mara ngapi? Slaidi hiyo haikuwepo.

Nikampigia rafiki yangu. "Majibu ya majaribio yako wapi?"

Akacheka. "Aah, kaka! Kwani huoni watu walio kwenye bodi?"

Nawaona. Ndiyo maana naogopa, kwa sababu bodi ya namna hii nimewahi kuiona, na wewe pia umewahi kuisikia. Iliitwa Theranos.

Kwa wale ambao hawakuifuata habari hiyo, naieleza kwa kifupi. Theranos ilianzishwa California mwaka 2003 na Elizabeth Holmes, msichana wa miaka 19 aliyeacha masomo yake Chuo Kikuu cha Stanford. Aliahidi kwamba matone machache ya damu ya kidole yangetosha kufanya vipimo zaidi ya 200. Kufikia 2014 kampuni hiyo ilithaminiwa dola bilioni 9, na tangu 2013 ilikuwa ikipima wananchi wa kawaida ndani ya maduka ya dawa ya Walgreens.

Sisi tuliozoea kudungwa kidole kwa kipimo cha malaria tunaweza kuuliza, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ipo. Kipimo cha malaria kinatafuta kitu kimoja tu, kipo au hakipo. Kupima kiwango cha potasiamu ni kazi nyingine kabisa. Damu ya kidole huchanganyika na majimaji ya mwilini, na ukikikamua kidole, chembe za damu hupasuka na kumwaga potasiamu yake ndani ya sampuli. Namba inapanda, na mtu mzima wa afya anaonekana ni mgonjwa. Halafu ukitaka tone hilohilo litoshe vipimo vingi, inabidi ulizimue, na kila unapolizimua kosa dogo linazidi kunenepa. Hilo ni swali la kemia na fizikia. Haliogopi cheo cha mtu.

Sasa tazama waliokuwa kwenye bodi mwaka 2014. George Shultz, waziri wa mambo ya nje wa zamani wa Marekani, miaka 93. Henry Kissinger, naye waziri wa mambo ya nje wa zamani, miaka 91. William Perry, waziri wa ulinzi wa zamani. Sam Nunn, seneta wa zamani. Jenerali James Mattis wa jeshi la Marine. Admirali Gary Roughead wa jeshi la majini. Richard Kovacevich, aliyewahi kuongoza benki ya Wells Fargo. Riley Bechtel wa kampuni ya ujenzi ya Bechtel. Wengi wao walifahamiana kupitia taasisi ya Hoover pale Stanford, na Shultz, aliyeingia 2011, ndiye aliyefungua mlango wengine wakafuata.

Hebu nikuulize. Ungepewa orodha hiyo bila jina la kampuni, ungedhani ni kampuni ya nini? Mimi ningesema inauza silaha, au inajenga mabwawa. Kupima damu nisingekutaja hata kwa bahati.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Wanasema, "Tatizo ni kwamba bodi haikuwa na watu wa sayansi ya tiba. Wangeweka madaktari, yote yangekuwa sawa." Mimi nakataa. Jibu hilo ni la uvivu, na tukilikubali tutadanganywa tena kesho.

Kwa sababu madaktari walikuwepo! Bill Frist, kabla ya kuwa seneta, alikuwa daktari wa upasuaji aliyepandikiza mioyo na mapafu. William Foege aliwahi kuongoza CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi, na ni mmoja wa waliobuni mbinu zilizoutokomeza ugonjwa wa ndui duniani. Utampata wapi mtu wa afya aliyemzidi huyo? Hata mwanzoni kabisa, kabla ya mawaziri, bodi ilikuwa na Channing Robertson, profesa wa uhandisi wa kemia wa Stanford. Naye aliamini.

Na sasa sikiliza hili, hasa nyinyi wenzangu wa programu. Mmoja wa wanabodi wa mapema walioshtuka alikuwa mtu wetu. Avie Tevanian aliongoza kazi ya programu Apple, na Mac OS X imepitia mikononi mwake. Hakuwa daktari, hakuwa mkemia. Ila alikuwa na tabia ya watu waliowahi kupeleka programu kwa wateja. Aliambiwa kuna mikataba na kampuni za dawa, akaomba kuiona. Akajibiwa kwamba iko kwa wanasheria. Akaona ratiba zinasogezwa mbele kila kikao, akauliza kwa nini. Maswali yake hayakupendwa, na mwishoni mwa 2007 alikuwa ameondoka.

Unaona sasa? Profesa wa kemia aliamini, mtu wa programu akauliza. Wasifu wa mtu unakuambia alikotoka. Haukuambii kama atauliza swali baya mbele ya chai na biskuti za kikao.

Kuna jambo lingine ambalo slaidi yenye sura haiwezi kukuonyesha, nalo ni kura. Mwaka 2008 bodi iliamua kumwondoa Holmes kwenye kiti cha mkurugenzi mtendaji. Akaingia kikaoni, akaongea nao, wakabadili mawazo. Baadaye hakuhitaji hata kuongea. Mwishoni mwa 2013 hisa zake zilipewa kura 100 kila moja, akabaki na zaidi ya asilimia 99 ya kura zote. Wale mawaziri, wale majenerali, wale maseneta, hata wangeungana wote asubuhi moja na kusema hapana, hapana yao isingehesabika. Walikuwa mapambo ya sebuleni.

Najua kuna msomaji anayesema, "Lakini bodi haikai maabara. Kazi ya bodi ni kusimamia na kufungua milango." Ni kweli bodi haishiki sindano. Lakini kusimamia ni kusimamia nini, kama huombi kuona kitu chenyewe kikifanya kazi? Na hiyo milango, ilifunguliwa kuelekea wapi? Kwa mujibu wa SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, wawekezaji waliambiwa kwamba teknolojia hiyo ilitumiwa na jeshi la Marekani Afghanistan. Haikutumiwa. Waliambiwa mapato ya 2014 yangezidi dola milioni 100. Yalikuwa dola laki moja na kidogo. Sasa fikiria wewe ni mwekezaji, unaambiwa habari ya Afghanistan, na kwenye orodha ya bodi umemwona Jenerali Mattis. Utapiga simu kuhakikisha? Huo ndio mlango uliofunguliwa. Jina la mtu lilifanya kazi ambayo ushahidi ulipaswa kufanya. Mattis mwenyewe alipotoa ushahidi mahakamani Septemba 2021 alieleza kwamba ilifika wakati hakujua tena aamini nini.

Ngoja nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma binafsi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikundi kilichotunga programu ya maabara ya hospitali moja ya kibinafsi. Jina la hospitali na la kampuni niliyofanyia kazi nayaweka mfukoni. Mashine inapima, programu yetu inachukua namba na kuiweka kwenye faili ya mgonjwa. Rahisi. Kila sampuli ilipewa namba, na namba zilianza upya saa sita usiku. Tuliijaribu wiki nzima mchana, ikapita. Tukapiga makofi, tukaiweka kazini.

Usiku wa tatu nikapigiwa simu na fundi wa maabara wa zamu. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kijana, hapa kuna mzee wa miaka 67. Programu yako inasema ana mimba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Huyu nimemwona kwa sababu ni mwanamume. Wale ambao sikuwaona je?"

Usingizi uliniisha. Sampuli ya saa tano na dakika hamsini usiku, majibu yake yakitoka baada ya saa sita, yalikuwa yanaingia kwenye faili ya mgonjwa wa siku mpya mwenye namba ileile. Tulizima kila kitu. Tulikesha na madaftari, tukilinganisha jina kwa jina. Tulikuta majibu manne zaidi yaliyoenda kwa mtu asiyehusika, na Mungu alitusaidia, hakuna aliyekuwa ametibiwa kwa majibu hayo.

Kampuni yetu ilikuwa na bodi. Ilikuwa na katibu mkuu mstaafu wa wizara, wakili, na mtu wa benki. Watu wa heshima, wapole, nawaheshimu hadi leo. Walikuwa wamekutana majuma mawili kabla, wakauliza programu itazinduliwa lini na mgeni wa heshima atakuwa nani. Hakuna aliyeuliza, "Mmeijaribu usiku?" Aliyeuliza alikuwa fundi wa zamu, ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya kampuni.

Theranos nayo ilikuwa na watu wa zamu. Tyler Shultz na Erika Cheung walikuwa vijana waliotoka chuo juzijuzi. Waliona sampuli moja ikipimwa mara nyingi kwenye mashine ya kampuni, inayoitwa Edison, na kila mara majibu yakitoka tofauti. Waliona majibu yasiyopendeza yakitolewa kwenye hesabu. Tyler alikuwa na bahati ambayo fundi wangu hakuwa nayo, kwani babu yake alikuwa mwanabodi, George Shultz mwenyewe. Akamwendea, akamweleza. Babu hakumwamini mjukuu wake. Alimwamini Holmes.

Ikabidi njia nyingine. Tyler alizungumza na mwandishi John Carreyrou wa Wall Street Journal, na Erika aliwaandikia wakaguzi wa serikali mwaka 2015. Oktoba mwaka huo Carreyrou alianza kuchapisha. Ikajulikana kwamba vipimo vingi vilikuwa vinafanywa kwa mashine za kawaida za kampuni nyingine, na kwamba mashine yao wenyewe iliweza vipimo kama 12 tu. Mwaka 2016 Theranos ilifuta majibu ya miaka miwili ya Edison. Septemba 2018 ikafunga. Januari 2022 Holmes alipatikana na hatia kwa mashtaka manne ya kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa zaidi ya miaka 11. Ramesh Balwani, aliyekuwa msaidizi wake, alihukumiwa karibu miaka 13.

Lakini mimi simkumbuki mwekezaji yeyote katika kesi ile. Namkumbuka mama mmoja wa Arizona aliyetoa ushahidi 2021. Alikuwa amewahi kupoteza mimba tatu. Akapima Theranos, na namba za homoni zikaonyesha kwamba na hiyo ya nne inatoka. Haikuwa inatoka. Mtoto alizaliwa salama. Sasa kaa ufikirie siku alizoishi mama yule kati ya karatasi ile na kipimo cha pili. Baraza la wazee wa mahakama halikumtia Holmes hatiani kwa mashtaka yaliyohusu wagonjwa. Sawa, mahakama ina kanuni zake. Mimi nina zangu, na nikisoma ushahidi ule nasikia sauti ya fundi wangu: wale ambao sikuwaona je?

Kwa hivyo ukiletewa slaidi yenye sura za vigogo, iwe ni kampuni ya damu, ya mbegu au ya programu, uliza haya kabla ya kufungua pochi:

1. Nani kati ya hawa amewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake, ikamharibikia, akairekebisha?
2. Nani ameona kifaa kikifanya kazi mbele ya mtu asiyelipwa na kampuni?
3. Bodi ikitaka kumwondoa mkubwa, kura zinatosha?
4. Fundi wa zamu akiona kosa saa saba usiku, anampigia nani, na huyo anayepigiwa ana uwezo gani?
5. Nani aliwahi kuondoka kwenye bodi hii, na aliuliza nini kabla ya kuondoka?

Hili la tano ndilo wengi husahau. Walioko utawaona kwenye slaidi. Watafute waliotoka.

Rafiki yangu nilimtumia maswali hayo matano. Ameniambia mimi ni mtu wa kukatisha watu tamaa, na kwamba kwa roho kama yangu nchi haitaendelea. Labda. Lakini siku kifaa hicho kitakapochukua damu ya mama yake, nitakuwa nimeshauliza.

Wewe unaonaje? Kama umewahi kukaa kwenye bodi, au kwenye zamu, niandikie hapo chini. Wa zamu nitawajibu kwanza.