Mvua Ikinyesha Membley, Tumlipe Boda Aende Pole

Wasee wa Membley, leo niseme ukweli ambao hautapendwa: mvua ikinyesha, mara nyingi ni sisi abiria tunaowaangusha boda wetu.

Mnajua vile huwa. Umeshuka matatu Thika Road, mawingu yamefunga, unaruka kwenye boda na neno la kwanza ni, "Bosi, chapa haraka kabla tunyeshewe." Nauli imepanda kwa sababu ya mvua, kwa hivyo unaona umenunua mbio.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku moja nilimsukuma boda mpaka akaongeza mwendo asiotaka. Tukafika kona ambayo malori ya mjengo yalikuwa yameacha udongo mwekundu kwenye lami. Akashika breki, pikipiki ikatutoka chini. Mimi nilichubuka goti. Yeye alivunjika mkono, akakaa wiki sita bila kazi, na ana watoto wawili. Mimi nilikuwa nakimbilia nini? Mechi kwa TV.

Tangu hapo huwa nawauliza wazee wa steji. Wananiambia dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa sababu oili na vumbi la kiangazi huelea juu ya lami kabla hazijaoshwa. Rangi nyeupe ya zebra huteleza, vifuniko vya chuma pia. Dimbwi linaweza kuficha shimo. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, kwa breki zote mbili, taratibu. Ukizishika ghafla ndani ya kona, mmelala chini. Na ule mwavuli mkubwa tunaoupenda? Lori likiwapita kwa kasi, upepo unaushika kama tanga.

Najua kuna atakayesema boda wenyewe ni wakaidi: tairi kipara, helmeti moja, abiria watatu. Ni kweli, na siwatetei. Sheria ya trafiki iko wazi: helmeti na jaketi ya kung'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Lakini boda analipwa kwa safari. Akienda pole na sisi tukamnunia, kesho tunamruka tunaenda kwa mwenye mbio. Hiyo hesabu ni sisi tumeipanga.

Basi tuipange upya. Mvua ikianza, mwambie, "Bosi, enda pole, sina haraka." Vaa helmeti hata kama inanuka. Tulia kwenye kiti, usifungue mwavuli wako, usijivute upande mwingine akikata kona. Ukiona tairi imeisha, shuka, tafuta mwingine. Na zile shilingi za ziada mlipe, lakini ajue unalipia kufika.

Kuchelewa dakika kumi, utaomba msamaha. Mkono wa mtu ukivunjika, utamwambia nini mke wake?