Sahani ya Mchumaji kwa Mtu Asiyechuma Tena

Aghalabu mjadala kuhusu ulaji wa kupita kiasi huanza na neno moja na kuishia papo hapo: nia. Anayeshindwa kupunguza chakula huambiwa kwamba hana nia. Aliyepungua kilo kumi husifiwa kwa uthabiti wa moyo. Kauli hii ina ukweli wake, ila ikipelekwa Kericho na Bomet inakutana na watu ambao ni vigumu mno kuwashtaki kwa upungufu wa nia. Mwanamke anayeingia kwenye michai alfajiri, katika mwinuko wa mita zipatazo 2,000, kikapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni, akachuma majani mawili na chipukizi hadi mvua ya alasiri imkute papo hapo, hahitaji somo la kujikaza. Mwanamume anayefunga siku tatu kwa maombi pasi na kutia kitu kinywani amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kulitawala tumbo lake. Iweje basi watu hawa washindwe na vijiko vitatu vya sukari?

Jibu halimo moyoni mwao pekee. Limo pia katika historia ya sahani yao. Neno posho, ambalo Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe na Tanzania limekuwa jina la fedha za vikao na safari, lilikuwa na maana ya kipimo: chakula anachogawiwa mtu ili aweze kazi ya siku. Katika mashamba ya walowezi nchini Kenya kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa mfanyakazi kwa siku, yaani gramu zipatazo 900. Unga wa kiasi hicho una kalori zaidi ya 3,000, kabla ya kuhesabu maharagwe. Hakikuwa kipimo cha ukarimu. Kilikuwa kipimo cha mwajiri aliyepiga hesabu ya jembe, shoka na kikapu, kama mwenye lori anavyopiga hesabu ya mafuta.

Makampuni makubwa ya chai yalishika mizizi Kericho katika miaka ya 1920, na vibarua wao wengi walitoka Nyanza. Wakipsigis, ambao chakula chao kilikuwa wimbi, maziwa, nyama na mboga za kuchuma, walianza kulima mahindi kwa wingi, na kufikia miaka ya 1930 walikuwa wakiyauza kwa mashamba hayohayo ya chai. Zao lililolimwa ili kuwalisha vibarua wa watu likahamia jikoni mwa mkulima mwenyewe. Kimnyet ya wimbi ikawa kimnyet ya mahindi, nyeupe, nyepesi kusongwa, kubwa sahanini. Baadaye, KTDA ilipoundwa mwaka 1964, mkulima mdogo wa Litein, Kapkoros au Mogogosiek akawa tajiri na kibarua wa shamba lake kwa wakati mmoja. Walowezi waliondoka. Kipimo chao cha posho kilibaki mezani.

Wala hakikuwa kipimo kibaya kwa aliyekistahili. Hili linapaswa kusemwa bayana, kwa sababu wako wanaoulaani ugali kana kwamba ni sumu. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti walipima vyakula vya wanariadha hodari wa Kenya, wengi wao Wakalenjin, na wakakuta kwamba takribani robo tatu ya nguvu waliyoipata ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi na mkate, pamoja na sukari ya chai ambayo pekee yake ilikaribia moja ya tano. Hao ndio watu wembamba kuliko wote katika nyanda hizo. Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964 katika mbio za mita 800, na kuongeza ya fedha Mexico mwaka 1968, hakulelewa kwa saladi. Sahani ya mwanariadha na sahani ya karani wa kiwanda cha chai zinaweza kulingana kijiko kwa kijiko. Tofauti ni kwamba mmoja amekwenda kilomita thelathini kwa miguu na mwingine amekwenda kutoka kitini hadi kwenye gari.

Kilichobadilika, basi, ni kazi. Mashine za kuchumia chai zilianza kuenea katika mashamba ya Kericho kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zikapingwa kwa migomo, na mwezi wa Mei mwaka 2023 kadhaa zikateketezwa kwa moto na umati uliokuwa na hasira ya kupotezewa ajira. Mengi yameandikwa kuhusu mshahara uliokwenda na mashine hizo. Machache yameandikwa kuhusu mwili uliobaki. Mtu aliyechuma kwa miaka ishirini, akibeba majani mpaka kwenye mizani mara kadhaa kwa siku, hurudi nyumbani na njaa ya miaka ishirini. Mkono umepumzika, tumbo halijaarifiwa. Kwa mkulima mdogo mambo yamekuja polepole zaidi. Magunia yaliyobebwa kichwani hadi kituo cha kuuzia majani sasa hupakiwa kwenye bodaboda, mtoto aliyekimbia kilomita tano kwenda shule naye hupakiwa, na maji yaliyotekwa mtoni yamefika uani kwa bomba. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka mtungi urudi kichwani mwa mama yake. Hata hivyo, kila moja kati ya nafuu hizi ilipunguza mahitaji ya mwili, na hakuna hata moja iliyokuja na mwiko mdogo zaidi wa kupakulia.

Takwimu za kitaifa zinaafiki. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takribani asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi, wanawake wakiwa karibu asilimia 38 na wanaume asilimia 17. Pengo hilo kati ya mke na mume halielezeki kwa ulafi. Mwanamke ndiye anayeonja chungu, ndiye anayemaliza makombo ya watoto ili yasitupwe, na ndiye anayekula mwisho, usiku, kisha akalala.

Lugha nayo ina mkono wake. Kiswahili humsifu aliyenenepa kwa kusema amenawiri, na humpokea aliyepungua kwa swali la huruma: amekonda, anaumwa nini? Kitambi cha mwanamume husomwa kama cheti cha kazi nzuri. Kwa upande mwingine, neno lililo tayari kwa anayekula kupita kiasi ni mlafi au mroho, na hayo ni maneno ya aibu, yanayomhukumu mtu bila kumwonyesha pa kuanzia. Kati ya kunawiri na ulafi hapana neno la kila siku la kumtaja mtu wa kawaida anayekula alivyozoea katika maisha ambayo hayapo tena. Wahenga walikaribia waliposema mazoea yana taabu. Vilevile walinena kuwa shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, wakizitia lawamani zote mbili, jambo ambalo wahubiri wa leo hulisahau wanapozungumzia shibe kana kwamba njaa haikuwahi kupita nyumba hiyohiyo. Aliyewahi kulala njaa hali kwa sababu ana njaa tu. Hula pia kwa sababu chakula kipo.

Hapa ndipo hoja ya nia inapaswa kuhamishwa kutoka ilikozoea kukaa. Chukua mfano wa chai. Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet chai hupikwa pamoja, maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, ikatiwa kwenye themosi na kuwekwa mezani tangu asubuhi. Mnywaji hapewi nafasi ya kuamua. Akinywa vikombe vitano vyenye vijiko vitatu kila kimoja, amekula vijiko kumi na vitano, gramu zipatazo 60, ilhali Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari isizidi asilimia kumi ya nguvu ya siku, yaani takribani gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikiwezekana nusu ya hapo. Kumwambia mtu huyu awe na nia kila anapoinua kikombe ni kumtaka ashinde vita vitano kwa siku dhidi ya adui ambaye tayari amekwisha kumezwa. Sukari ikiwekwa kando katika bakuli, vita vimepungua. Ikiwa haikununuliwa nyingi Jumamosi sokoni, vimepungua zaidi. Nia inahitajika mara moja, dukani, mtu akiwa ameshiba na akili yake imetulia.

Hoja hii haikubuniwa jikoni. Mwanasaikolojia Walter Mischel, aliyewajaribu watoto wa chekechea wa Marekani kwa peremende katika miaka ya 1960 na 1970, aliona kwamba waliofaulu kusubiri hawakuwa wale walioitazama peremende kwa ujasiri. Walikuwa wale waliogeuza macho, walioimba, au ambao peremende yao ilifunikwa. Na jaribio hilo liliporudiwa kwa watoto wengi zaidi na matokeo kutolewa mwaka 2018, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa nguvu ya nafsi kilihusiana na hali ya nyumbani mwa mtoto. Waislamu wanalijua hili bila maabara. Mwezi wa Ramadhani hufungika kwa sababu mtaa mzima umefunga na hakuna sufuria inayonukia saa saba mchana. Jua likitua, watu walewale waliostahimili saa kumi na tatu huzidiwa na sambusa na tambi za futari. Hawakupoteza nia magharibi. Mpangilio ndio uliofunguka.

Zipo pingamizi. Husemwa kwamba hakuna anayelishwa kwa nguvu, na kwamba kuitaja historia, mashine na themosi ni kumpa mvivu kisingizio. Ni kweli kwamba wako wanaojua yote haya na bado hupakua mara ya tatu. Lakini kisingizio humwachia mtu nafasi ya kukaa vilevile, ilhali hoja hii inamdai kazi, tena kazi ngumu kuliko kujilaumu. Inamdai abadilishe kipimo cha unga kinachoingia kwenye sufuria, akijua wazi kwamba mwili anaoulisha leo si ule wa mchumaji. Kujilaumu ni rahisi, na aghalabu huishia kwenye sahani nyingine ya kujiliwaza.

Wengine hushauri kurejea vyakula vya mababu. Ushauri huo ni mzuri nusu. Sagaa, ambayo Wakipsigis huiita isagek, pamoja na managu na mrenda, zinafaa kuchukua nusu ya sahani iliyotwaliwa na ugali, nazo humea karibu bure. Lakini si kila cha kale ni dawa. Bomet inajulikana na madaktari kwa wingi wa saratani ya umio, hata kwa vijana, na hospitali ya Tenwek imewahudumia wagonjwa wa aina hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, huenda vinachangia ugonjwa huo. Anayerekebisha sukari ya chai yake angefanya vyema pia kuiacha ipoe kidogo.

Ugumu mkubwa uko penye wageni. Msimu wa bonasi ya chai ukifika, mwezi wa Oktoba, hoteli za nyama za Kapkatet, Litein na Bomet hujaa, na ni haki ya mkulima aliyengoja mwaka mzima. Katika koito, familia mbili zinapokutana kuposa, kreti za soda hupangwa ukutani kama ushahidi wa uwezo. Kukataa chai ya mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari aliyeambiwa kliniki apunguze hufika nyumbani akiwa na ushauri kichwani, lakini anayepika hakuwepo kliniki. Mkaza mwana hawezi kuitoa sukari kwenye themosi kwa uamuzi wake, maana itasemwa kwamba anambania baba mkwe. "Baba, mbona hunywi chai yangu?" atauliza, na mzee atakunywa, kwa heshima, mpaka kidonda cha mguu kikatae kupona.

Kwa hiyo anayeweza kuanza ni mzee mwenyewe, si kwa kujinyima kimyakimya pembeni, bali kwa kutamka mbele ya wake, wana na wageni kwamba katika boma hili chai itapikwa bila sukari na mwenye kuitaka atajitilia. Neno la mzee likishatamkwa, mkaza mwana ana ruhusa, mgeni hana la kuona haya, na jirani ana mfano wa kuiga atakapoandaa koito ya binti yake mwezi wa Desemba.