LUGHA NDOGO SI LUGHA DUNI



Chama chetu hapa Nyakoe kina bao moja tu, lililochongwa kwa jiwe la Tabaka. Saa kumi jioni sisi wa kutwa hukimbilia nyumbani kuteka maji na kukama ng'ombe, kwa hivyo zamu ya kucheza hutupita. Ndipo muhula uliopita nikaamua kuunda bao katika tarakilishi za maabara, jozi nyingi zicheze kwa pamoja saa ya chakula cha mchana.

Nilitumia lugha iitwayo Lua pamoja na LÖVE, mkusanyiko wa zana za kuchora picha za mchezo, kutoa sauti na kufuata kipanya. Zote ni za bure na haziilemei tarakilishi kuukuu. Wenzangu walinicheka. "Lua ndio nini? Si ujifunze Python kama watu!" Wapo waliotaka nifute kazi yote nianze upya, eti lugha isiyojulikana haina ajira.

Jamani, maneno haya si mageni. Ndiyo sisi wa Kiswahili tunayoambiwa kila siku: "Utakula Kiswahili?" Nashangaa mwanachama akiyarudia.

Lua ilizaliwa mwaka wa 1993 katika chuo kikuu kimoja jijini Rio de Janeiro, Brazili. Kwa Kireno jina hilo ni mwezi. Wabrazili hawakungoja kuletewa. Balatro, mchezo wa karata uliotoka 2024 na kuuza nakala mamilioni, uliundwa kwa Lua na LÖVE hizi hizi.

Sisemi njia ni nyororo. Lugha nyingi huanza kuhesabu kwa 0, Lua huanza kwa 1. Kila mchezaji wa bao ana mashimo 16. Mimi nilinakili hesabu ya lugha nyingine, basi kete ikizunguka ikawa inatafuta shimo la 0, ambalo halipo. Skrini ikageuka buluu, mchezo ukafa. Wa kumuuliza hakuna! Nikachukua bao la jiwe na kete zake 64, nikasambaza kwa mkono nikihesabu kwa sauti. Siku ya tatu nikaliona kosa. Ningekuwa na wa kunakili kwake, ningepata jibu nikose akili.

Tena majina yote ndani ya programu niliyaandika kwa Kiswahili: shimo, kete, zamu. Tarakilishi haikulalamika hata kidogo.

Maoni yangu ni haya: tusipime lugha kwa wingi wa wanaoitumia, tuipime kwa kazi iliyo mbele yetu. Python nayo nitajifunza, kazi yake ikifika. Lakini bao langu sifuti. Bado halijui kucheza peke yake, linataka watu wawili. Anayecheka na aje maabara saa saba, tupimane kete.

Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwanafunzi wa kutwa,
Kidato cha Tatu.